Sandarusi, Chokaa na Jiwe la Kuigiza

Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, ndani ya lile jumba la vioo la Hyde Park, fundi rangi kutoka Lancashire aitwaye Thomas Kershaw alionyesha vibao alivyovipaka kwa mkono wake. Kimoja kilionekana marumaru, kingine mwaloni, kingine mkangazi. Alipata medali, na mwaka 1855 akapata nyingine Paris. Baadhi ya vibao hivyo vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London, na anayevitazama kwa mara ya kwanza huona taabu kuamini kwamba hapana jiwe pale hata chembe.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa fani kamili, yenye mafundi wake, vifaa vyake na miaka yake ya kujifunza. Aliyetaka kuigiza mwaloni alianza kwa kupaka ubao rangi nyepesi ya mafuta, ya manjano iliyopauka. Ikikauka, alipitisha juu yake utando mwembamba wa kahawia, na kabla haujashika akauburuza kwa kitana cha chuma au cha ngozi ili mistari ya mti ijitokeze. Ile miale inayong'aa katika mwaloni wa kweli aliipata kwa kufuta rangi kidogo kidogo kwa kitambaa alichokikaza juu ya ukucha wa dole gumba. Kwa mkangazi na mjozi alikoroga rangi katika bia iliyochacha, kwa kuwa bia huishikilia rangi bila kuifanya nzito na hukauka upesi. Kisha alipita na brashi pana ya manyoya laini, bila kuikandamiza, mpaka alama kali zikafifia. Mwisho wa yote aliifunika kazi kwa vanishi, maana bila vanishi, kitambaa chenye maji kingeufuta msitu wote ule kwa asubuhi moja.

Hapo kwenye vanishi ndipo Pwani ya Afrika Mashariki inapoingia.

Vanishi iliyosifiwa kuliko zote katika karne ya 19 ilipikwa kwa sandarusi, utomvu wa msandarusi ulioganda ardhini kwa muda mrefu baada ya mti wenyewe kuanguka na kuoza. Ule uliochimbwa Mrima, katika mchanga mwekundu wa nchi ya Wazaramo na jirani zao, ulisafirishwa kupitia Unguja, na kwa hiyo wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliujua kwa jina la kopali ya Zanzibar. Ulikuwa mgumu kuliko kopali nyingine zilizofika sokoni, na ugumu ndio uliotafutwa. Vanishi yake haikukwaruzika upesi wala haikunata wakati wa joto. Ilipakwa kwenye magari ya farasi, kwenye samani, na kwenye milango ya msonobari iliyojifanya mwaloni.

Richard Burton, aliyepita Mrima mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliandika habari za biashara hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1860. Wachimbaji walitumia jembe dogo na mikono yao, na mashimo yao hayakwenda chini sana. Walijua kutofautisha sandarusi iliyokomaa na chakazi, ule utomvu mchanga unaopatikana kwenye mti ulio hai au shinani pake. Chakazi ilikuwa laini na bei yake ilikuwa ndogo. Vipande vilivyokomaa vilitoka ardhini vimevaa ganda la udongo lililoshikamana navyo. Vilipooshwa kwa maji makali ya magadi ganda lilivuka, na chini yake ukatokea uso wenye vipele vidogo vidogo ambao wafanyabiashara wa Ulaya waliuita ngozi ya bata bukini. Kwa vipele hivyo mnunuzi mzoefu alitambua mali aliyoishika.

Wamarekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na merikebu za mji mdogo wa Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta nguo ya merikani na kurudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Huko Salem kiwanda cha Jonathan Whipple kiliishi kwa kazi ya kuosha na kupanga sandarusi kabla haijawafikia wapika vanishi. Na upishi wenyewe ulikuwa kazi ya roho mkononi. Sandarusi iliyeyushwa kwenye sufuria juu ya moto uliozidi nyuzi 300 za selisiasi, ikatoa moshi mzito na kupungua uzito, ndipo yakamiminwa mafuta ya kitani yaliyokwisha kuchemshwa. Tapentaini ilifuata baadaye, mbali na moto. Sufuria ikishika moto, jengo zima lingeweza kwenda. Vanishi iliyosalimika iliwekwa matangini miezi mingi itulie kabla ya kuuzwa.

Historia ya sura za kuigiza ndani ya nyumba imezoeleka kusimuliwa kana kwamba ni habari ya Ulaya peke yake: tajiri alikuwa na marumaru, asiyejiweza akaipaka ukutani, basi. Masimulizi hayo yanawaacha nje watu wengi. Bandari ya Unguja ilikuwa pande zote mbili za biashara hii. Ilitoa vitu vya asili ambavyo wengine walijitahidi kuviiga, na ilitoa pia malighafi ya kuigia. Na katika majumba ya Pwani yenyewe mafundi walikuwa na namna yao ya kuufanya ukuta uonekane zaidi ya ulivyo, namna ambayo inastahili kutajwa pamoja na kazi bora za Roma na Bavaria.

Roma itajwe kwanza, kwa sababu ushahidi wake ni wa kale. Majivu ya mlima Vesuvius yaliyoifunika Pompeii mwaka 79 yalihifadhi kuta ambazo wakati huo zilikuwa tayari na umri wa zaidi ya karne moja. Fundi alikuwa ameiumba lipu katika miraba iliyovimba, mfano wa matofali makubwa ya jiwe, kisha akaipaka kila mraba rangi ya marumaru tofauti: nyekundu, kijani, manjano yenye mishipa. Mjerumani August Mau, aliyezipanga kuta za Pompeii kwa mitindo mwaka 1882, huu aliuita Mtindo wa Kwanza. Unaonekana vizuri katika Nyumba ya Fauno, na hilo lastahili kuzingatiwa, maana nyumba hiyo ni miongoni mwa kubwa kuliko zote mjini pale. Mwenyewe hakuwa maskini.

Mbunifu Vitruvius, aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alisema wazi kwamba watu wa kale walianza mapambo ya lipu kwa kuiga mabamba ya marumaru. Aliacha pia maelekezo: matabaka matatu ya chokaa na mchanga, kisha matabaka ya chokaa iliyochanganywa na unga wa marumaru, kila moja laini kuliko lililotangulia, yapigwe na kusuguliwa mpaka ukuta urudishe sura ya mtu anayesimama mbele yake. Hapo mpaka kati ya kitu chenyewe na mwigo wake unaanza kupotea. Ukuta uliotengenezwa kwa chokaa na unga wa marumaru una marumaru ndani yake.

Kazi iliyofika mbali kuliko zote ni skaliola, na hii inahitaji kutazamwa kwa karibu. Ilishamiri mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17 huko Bavaria na kaskazini ya Italia. Fundi alichukua jasi iliyochomwa na kusagwa, akaikanda kwa maji yenye gundi ya wanyama, na gundi hiyo iliichelewesha kuganda akapata nafasi ya kufanya kazi. Donge moja alilitia rangi ya damu, jingine ya majani makavu, jingine ya kijivu. Aliyakata madonge vipande, akavichovya katika uji wa rangi nzito zaidi ili kila kipande kivae ukingo wake, akavibana pamoja kuwa bonge moja kubwa, kisha akalikata bonge slesi kama mkate. Zile slesi ndizo zilizobandikwa ukutani au kwenye nguzo. Zikikauka alizikwangua, akaziba matundu kwa uji wa rangi ileile, akasugua kwa jiwe, akaziba tena, akasugua kwa jiwe laini zaidi, mara nyingi, akamaliza kwa mafuta ya kitani na nta.

Nguzo moja iliweza kula wiki nyingi. Haikuwa njia ya mkato hata kidogo.

Watawala wa Bavaria waliithamini kazi hiyo kama hazina. Ukoo wa mafundi uliojulikana kwa jina la Fistulator uliifanya katika kasri la Munich, na kanisa dogo la ndani ya kasri hilo, lililowekwa wakfu mwaka 1607 wakati wa Maximilian wa Kwanza, lina kuta za skaliola zenye picha za maua na majengo ambazo mchonga marumaru angezikata kwa shida sana. Mjini Carpi, Italia, Guido Fassi na waliomfuata waliipeleka fani kwenye mbao za altare. Baadaye ikafika Uingereza, na katika miaka ya 1760 Robert Adam aliitumia kwenye sakafu yenye rangi kali ya jumba la Syon karibu na London, kwa mteja ambaye angeweza kununua jiwe lolote alilolitaka. Mtu akitaka kuitambua skaliola, macho hayatamsaidia. Aweke kiganja. Marumaru huvuta joto la mkono na kubaki baridi. Skaliola hupata uvuguvugu upesi.

Laka ya China na Japani nayo ina habari yake. Utomvu wa mti wake haukuweza kusafirishwa mpaka Ulaya ukiwa bado unafaa, kwa hiyo mafundi wa huko walitafuta mbadala katika vanishi za shelaki, inayotokana na wadudu wa India. Mwaka 1688 Stalker na Parker walichapisha huko Uingereza kitabu kizima cha mafunzo ya kuiga laka hiyo. Naye Horace Walpole, mwandishi na mbunge, alipoijenga upya nyumba yake ya Strawberry Hill kuanzia mwaka 1749, alitaka dari za makanisa ya zama za kati na akazipata kwa karatasi iliyopondwa na gundi. Dari ya ukumbi wake mkubwa, ambayo mgeni angedhani imechongwa kwa jiwe, ni karatasi tupu, na ngazi zake zilizungukwa na karatasi za ukuta zilizochorwa mfano wa mawe ya Kigothi. Walpole hakuwaficha wageni. Alijivunia.

Aliyeyachukia mambo haya kwa moyo wake wote ni John Ruskin. Katika kitabu chake The Seven Lamps of Architecture cha mwaka 1849 aliweka kuupaka ubao uonekane marumaru katika orodha ya udanganyifu wa wajenzi, pamoja na mihimili isiyobeba kitu na mapambo ya mashine yanayojifanya ya mkono. Ilikuwa miaka miwili tu kabla ya medali ya Kershaw. Huko Vienna, mwaka 1898, mbunifu Adolf Loos alitoa kanuni yake: ubao na upakwe rangi yoyote isipokuwa rangi ya ubao.

Hoja ya Ruskin ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuuziwa meza ya mbao za kusaga kwa bei ya mninga. Lakini yeye mwenyewe aliacha mlango wazi. Alikubali kwamba kupaka dhahabu kwenye jengo si udanganyifu, kwa sababu mazoea yamemfundisha kila mtu kwamba ile ni rangi ya juu tu. Basi, kama mazoea yanatosha, nguzo ya skaliola mbele ya waumini wa Bavaria waliomjua fundi wake haikuwa uongo pia, wala kibao cha Kershaw kilichowekwa maonyeshoni kwa ajili ya ustadi wa rangi. Udanganyifu umo katika mauzo: anayenunua anaambiwa nini, na analipa kiasi gani.

Sasa Lamu.

Nyumba ya kiungwana ya karne ya 18 ilipangwa kwa hatua. Mgeni alipokewa kwenye daka, akapita tekani, akatokea kiwanda kilicho wazi juu, na kutoka hapo vyumba vikaingia ndani kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kubeba dari ya mawe na chokaa haziwezi kuvuka pengo la zaidi ya mita 3 hivi. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na nuru yote ilitoka kiwandani. Kadiri mtu alivyoingia ndivyo giza lilivyozidi. Kazi ya kwanza ya lipu nyeupe iliyosuguliwa ilikuwa kuikamata ile nuru kidogo na kuisukuma mpaka mwisho wa nyumba.

Chokaa yake ilitoka baharini. Magogo yalipangwa duara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa katikati, na rundo likawaka mpaka mawe yakageuka meupe na mepesi. Yalimwagiwa maji au yaliachwa mvuani yakavunjika yenyewe kuwa unga, na unga huo ukalazwa miezi ili uive. Chokaa changa hupasuka ukutani, na kila fundi wa Pwani alilijua hilo. Kwenye sakafu na dari ilichanganywa na mchanga na kokoto, kisha kikundi cha watu kikaipiga kwa vipande vya mti, kwa nyimbo na kwa mwendo mmoja, siku kadhaa, mpaka ikashikana.

Katika karne za 14 na 15 mafundi wa Kilwa na Gedi walichonga matumbawe yenyewe kwa ajili ya mihirabu na miimo ya milango. Waliyatoa baharini yakiwa mabichi, maana wakati huo hukatika bila taabu na hukakamaa yakikaa nje. Kufikia karne ya 18, huko Lamu, Pate na Siyu, mkono wa mchongaji ulikuwa umehamia kwenye lipu. Nakshi ambazo awali zilidai jiwe sasa zilikatwa katika chokaa iliyokuwa bado na unyevu. Matokeo yake makubwa ni zidaka, ule ukuta wa chumba cha ndani uliojaa madaka madogo kwa safu, kila moja na tao lake na ukingo wake wa nakshi, kutoka kimo cha mtu aliyeketi hadi karibu na dari. Ndani ya madaka ziliwekwa sahani na bakuli za kichina, vitabu, vyombo vya thamani. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unapoyaombolezea majumba ya Pate yaliyoanguka haukuyasahau madaka hayo. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu, alieleza kwamba zidaka lilikuwa pia kinga: ndani ndimo watu walimozaliwa na ndimo maiti walimooshwa, na uzuri wa ukuta ulisaidia kuvuta jicho baya mbali na watu.

Je, huo ni mwigo? Kwa maana moja, ndiyo. Chokaa imekaa mahali pa jiwe lililochongwa, na mng'aro wake unaukaribia mng'aro wa kaure zilizowekwa ndani yake. Kwa maana nyingine swali hilo linaikosea kazi yenyewe. Chokaa ya Lamu ni matumbawe yaliyopitishwa motoni na kurudishwa ukutani juu ya matumbawe mengine. Ni jiwe lilelile katika hali nyingine, na fundi aliifanyia mambo ambayo jiwe gumu lisingemruhusu. Nyumba ya makumbusho ya Kiswahili mjini Lamu inamwezesha mgeni kuuona ukuta wa namna hii ukiwa mahali pake, na pembezoni mwa madaka makali ya kisu cha fundi bado yanasomeka.

Unguja ilikuwa na ladha nyingine. Katika hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, lipu imechongwa ndege na maua kwa mtindo wa Uajemi. Binti wa Seyyid Said, Salme, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi vyumba vya kasri vilivyopambwa: mashubaka marefu yaliyotokana na unene wa kuta, rafu za mbao zilizopakwa kijani, na juu yake kaure na vyombo vya kioo vilivyopangwa kwa ulinganifu, pamoja na vioo vikubwa kutoka Ulaya. Rangi ya kijani juu ya mbao, chokaa juu ya jiwe, kioo kinachoukuza ukumbi mara mbili: wapambaji wa kasri walijua vizuri nguvu ya uso wa juu.

Wakati Salme akiandika hayo, pembe zilizotoka Unguja zilikuwa zimekwisha kumpata mshindani. Huko Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton ilikata pembe za Afrika Mashariki kuwa vibao vya vinanda na kuvianika chini ya vioo ili jua livifanye vyeupe. Mipira ya biliadi nayo ilidai pembe bora, na kampuni ya Phelan na Collender ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata badala yake. John Wesley Hyatt wa Albany, New York, akishindana kuipata, ndiye aliyetengeneza seluloidi, aliyoisajili kuanzia mwaka 1869, mchanganyiko wa pamba iliyotiwa asidi na kafuri. Mipira haikufaulu sana, lakini kitu chenyewe kilienea. Mabamba mepesi yenye rangi mbili zinazokaribiana yalibandikwa kwa zamu na kukatwa kwa ubavu, ikatoka mistari myembamba ile ile ya pembe, na meza za kujipambia za akina mama wa Ulaya na Marekani zikajaa vitana na vioo vya pembe isiyotoka kwa ndovu. Rangi ya madoa ilipotiwa, seluloidi iligeuka gamba la ng'amba, mali nyingine ya Pwani. Ndovu na ng'amba hawakuokolewa na uvumbuzi huo. Vitu vya kuigiza viliikuza hamu ya vile vya asili, na uwindaji uliendelea.

Sandarusi ndiyo iliyoangushwa kweli. Kopali ya Kongo iliingia sokoni kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha zikaja resini za maabara. Bakelaiti ya Leo Baekeland ya mwaka 1907 ilifungua njia, na kufikia katikati ya karne wapika vanishi hawakuihitaji tena Mrima.

Kutoka katika resini hizo ilizaliwa fomaika. Herbert Faber na Daniel O'Conor waliianzisha kampuni yao Cincinnati mwaka 1913, wakitengeneza vihami vya umeme badala ya madini ya mika. Mwaka 1927 kampuni ilipata njia ya kufunika karatasi zake za kahawia kwa karatasi iliyochapwa picha ya mti au marumaru, na melamini ya mwaka 1938 ikaupa uso ule ugumu wa kustahimili moto wa sigara na maji ya sahani. Ujanja wake ni mfupi kueleza: karatasi kadhaa zilizoloweshwa resini, picha juu yake, utando usioonekana juu ya picha, vyote vikabanwa kwa joto. Kitana na kidole gumba cha Kershaw vilikuwa vimestaafu. Waliotembelea Makumbusho ya Kasri mjini Unguja waliikuta fomaika hiyo katika samani za Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Kiongozi aliyezungukwa na mpingo, msaji na pembe alichagua kitu cha kisasa kinachofutika kwa kitambaa, na wakati ule hilo halikuwa jambo la kuonea haya.

Tangu mwaka 2000, kampuni ya Kerajet ya Hispania ilipotoa mashine ya kuchapa vigae kwa wino, picha ya marumaru inarushwa juu ya udongo kabla haujachomwa, na viwanda vya Chalinze, Mkuranga na Kajiado vinatoa vigae vya namna hiyo kwa ajili ya sebule za Afrika Mashariki. Nyumba iliyokuwa na sakafu ya saruji ya rangi nyekundu, iliyosuguliwa kwa nta kila Jumamosi, sasa ina "marumaru" ukutani na chini. Si dhambi. Ni safi, ni nafuu, na familia nyingi zimestarehe. Hata hivyo kitu kimoja kimepungua: hapana tena fundi anayeuamua mshipa upite wapi, na anayekaa chini akatazama kwa makini atauona mshipa uleule ukijirudia kigae baada ya kigae.

Hatari kubwa zaidi kwa Pwani iko kwenye mwigo mwingine ambao watu wamesahau kwamba ni mwigo. Mwaka 1824 mwashi wa Leeds, Joseph Aspdin, alisajili uvumbuzi aliouita jiwe la kutengenezwa, na kwa kuwa lilifanana na jiwe jeupe lililochimbwa Portland, akalipa jina la saruji ya Portland. Bamburi ilianza kuizalisha Kenya katika miaka ya 1950, Wazo Hill mwaka 1966. Kwenye nyumba mpya saruji haina mpinzani. Juu ya ukuta wa zamani wa matumbawe ni maradhi. Ukuta ule hunywa maji ya mvua na ya ardhini yenye chumvi, na huyatoa kupitia chokaa. Ukifunikwa kwa saruji, maji hayapati njia, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, ncha za boriti zinaoza ndani ya mawe bila kuonekana, na siku moja lipu inadondoka kwa vipande vikubwa ikiwa imebeba na uso wa jiwe.

Ukarabati wa Zahanati ya Kale ya Unguja, ile iliyoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887 na kufufuliwa na Aga Khan Trust for Culture katika miaka ya 1990, ulionyesha kwamba mapambo ya lipu na mbao ya kiwango hicho bado yanaweza kurudishwa. Kinachokwamisha nyumba za kawaida ni muda. Mwenye nyumba ambaye masika yanamkaribia hawezi kungoja chokaa iive. Anakwenda dukani na kurudi na mifuko ya saruji siku ileile. Mji Mkongwe na Lamu zinahitaji mashimo ya chokaa iliyokwisha kuiva, iliyojaa mwaka mzima, inayouzwa kwa ndoo kama mchanga unavyouzwa, na mafundi vijana wanaolipwa kwa siku za kusugua kama wanavyolipwa kwa siku za kujenga.